Picha ya Kiota cha Chozi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpiga picha huanza anapoinua kamera na hukoma anapobonyeza kitufe. Mimi nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Lakini mtu aliyewahi kukaa mbele ya kiota cha ndege asubuhi nzima, kisha akaingia ndani na picha mia tatu za ndege mmoja, hujua kwamba kazi iliyo ngumu huja baadaye, nayo ni kuchagua. Katika mia tatu atabakiza moja. Zilizosalia, ambazo kila moja ilikuwa kweli kwa wakati wake, zitawekwa kando kama maganda ya mhogo. Nataka kueleza jinsi nilivyochagua picha moja mwezi wa Novemba mwaka 2022, na kusema jambo ambalo nilipaswa kulisema siku zile zile, wala sikulisema.

Ndege mwenyewe alikuwa chozi. Ni ndege mdogo, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, autumiao kufyonza utamu wa maua. Dume, awapo katika mavazi yake ya kuzalia, hung'aa kijani kama shaba iliyosuguliwa, na kifuani ana mkanda wa rangi ya zambarau. Jike ni wa kijivujivu, na mtu asiye na subira humpita bila kumtazama mara ya pili. Katika bustani za Dar es Salaam ndege hawa si haba. Lugha yetu imempa ndege huyu jina lile lile la tone la maji litokalo jichoni, nami, niliye mwalimu wa lugha hiyo, nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba maneno hayo mawili hufanana kwa sauti tu.

Jike ndiye mjenzi wa kiota. Hukusanya nyasi kavu, majani makavu na vipande vya maganda ya miti, akavishika pamoja kwa utando wa buibui mpaka ukapatikana mfuko mdogo uning'iniao kwenye ncha ya tawi. Ubavuni, karibu na juu, huacha tundu la kuingilia, na juu ya tundu huweka kijiukingo mfano wa upenu wa nyumba. Kwa nje hubandika vijitakataka ovyo ovyo, hata mpita njia hudhani kwamba upepo umepeperusha uchafu ukanaswa na buibui. Uchafu huo ndio ngome yake. Kiumbe asiye na kucha za kupigania wala sauti ya kutishia hujilinda kwa kutotazamika. Laiti ningalilifikiri jambo hili mapema, nisingalikuwa na la kuandika leo.

Kiota ninachokisimulia kilikuwa katika mlimau ulio karibu na baraza yangu. Aliyekigundua ni binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa na umri wa miaka tisa. Kwa muda wa majuma mawili hivi tulimwona jike akiingia na kukaa, akitoka kwa dakika chache na kurudi. Kisha siku moja tukasikia sauti nyembamba mno kutoka mle ndani, na tangu siku hiyo dume naye akaanza kuja. Wote wawili walileta buibui na vijidudu, maana makinda wa chozi hawakui kwa utamu wa maua peke yake. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa mwaka ule, na nyasi za uani zilikuwa kavu, lakini ndege wale hawakupumzika tangu kucha hadi kuchwa.

Mimi nilikuwa na haja yangu. Walimu na wanafunzi walikuwa wakiandaa maonyesho madogo ya picha, nami nilikuwa nimeahidi kuleta moja. Siku ya Ijumaa, baada ya vipindi, nilisimamisha kamera barazani juu ya kiweko chake cha miguu mitatu, nikatia lenzi ndefu ya milimita 400, nikangoja. Nilipata picha nyingi, lakini zote zilikuwa na ila moja: jani. Mara jani limeziba jicho la ndege, mara limekata mdomo, mara limetia kivuli juu ya tundu. Mlimau ulikuwa umekishika kile kiota kama mtu afichaye fedha kiganjani.

Jumamosi asubuhi nilichukua kamba ya katani, nikavivuta vitawi vitatu upande, nikavifunga kwenye nguzo ya baraza. Sikukata hata jani moja, na kwa sababu hiyo nilijiona mtu mwema. Jike aliporudi hakuingia. Alitua juu ya waya, akaita, akaruka, akatua tena, na mdomoni ameshika buibui. Alifanya hivyo kwa muda wa dakika ishirini. Mimi nilihesabu dakika zile kama mtu ahesabuye hasara yake mwenyewe, kwamba mwanga mzuri unapita. Sikumhesabia yeye. Hatimaye njaa ya watoto ilimshinda, akaingia, na kamera ikaanza kazi. Hadi saa tatu nilikuwa na picha 312.

Usiku nilikaa mbele ya kompyuta kuchagua. Wasiojua kazi hii huenda wakapenda kufahamu namna ifanywavyo. Kwanza huondolewa picha ambazo ndege ametikisika; chozi ni mwepesi, na hata kamera ikifumba na kufumbua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubawa wake huweza kuonekana kama moshi. Pili huondolewa zile ambazo jicho halimo. Ndege ana utando mwembamba upitao juu ya jicho kwa kitambo kidogo sana, na picha iliyopigwa katika kitambo hicho huonyesha jicho kama la kipofu. Tatu huangaliwa mwelekeo: ndege atazamaye nje ya picha humtoa mtazamaji pamoja naye. Nne huangaliwa mwanga, ukatafutwa ule wa ubavuni uonyeshao kila unyoya. Kwa njia hiyo picha 312 zikawa 60, na 60 zikawa 11, na 11 zikawa tatu.

Katika zile nilizozitupa ilikuwemo moja ambayo jike anatoka kiotani na kijifuko cheupe mdomoni. Kijifuko kile ni kinyesi cha kinda. Wazazi wa ndege wengi wadogo hukichukua na kukitupa mbali ili nyumba iwe safi na adui asivutwe. Nilisema moyoni kwamba watu hawataki kuona kinyesi ukutani, nikaiondoa.

Mchagua nazi hupata koroma, husema wahenga, lakini mimi sikuona koroma. Katika zile tatu nilipata moja iliyonifanya nisahau kwamba chai imepoa. Jike ameshikilia ukingo wa tundu, mabawa nusu wazi, na mbele yake midomo miwili ya rangi ya manjano imefunguka mpaka mwisho. Jicho lake lina nukta ya mwanga. Ilikuwa na ila moja ndogo: kwenye pembe ya juu, nyuma kabisa, palikuwa na doa jeusi lisilo na umbo. Nilidhani ni nguzo au kitu kilichowekwa juu ya ukuta. Nikaikata picha kwa upande huo, doa likatoka, na picha ikawa nzuri zaidi.

Binti yangu alikuja kuniaga kabla ya kulala, akasimama nyuma ya kiti akatazama. Kisha akauliza, "Baba, ile kamba umeifungua?"

Nikamjibu, "Nitaifungua asubuhi, mwanangu. Ndege wamelala sasa."

Jibu langu lilikuwa na mantiki, kwa kuwa adui wa mchana naye hulala usiku. Lakini kunguru huamka kabla ya walimu. Nilimaliza kuitengeneza picha saa tano, nikaituma kwa waandalizi wa maonyesho kabla sijalala, nikalala usingizi mzuri.

Jumapili niliamshwa na kelele za jike. Nilipotoka, kiota kilikuwa kimepasuliwa kutoka tunduni mpaka chini, na kitambaa chake cha ndani, kile cha sufi na manyoya, kilikuwa kimetawanyika juu ya mchanga. Makinda hawakuwamo. Juu ya ukuta walikuwa kunguru wawili. Vitawi vitatu vilikuwa bado vimefungwa kwenye nguzo, na mahali palipokuwa na majani palikuwa na mlango mpana ulioelekea ukutani moja kwa moja. Jike alikuwa na mdudu mdomoni. Aliruka mpaka pale tundu lilipokuwa, akaelea hewani, akarudi kwenye waya, akaenda tena. Alifanya hivyo asubuhi yote. Sikupiga picha.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu kunguru. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu si wa pwani yetu kwa asili; waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka za mji, nao wakaenea mpaka bara, wakawa balaa la mayai na makinda ya ndege wengine. Hayo ni kweli, na yanaweza kuandikwa katika kitabu. Lakini kiota kile kilikuwa kimekaa mbele ya kunguru wale wale kwa karibu mwezi mzima bila kuguswa. Kilichobadilika ni kamba yangu.

Jumatatu alikuja mzee mmoja atusaidiaye kazi za bustani. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama mlimau, akatazama nguzo. Kamba nilikuwa nimekwisha kuiondoa, ila alama yake ilikuwa bado katika gome la kitawi.

"Mwalimu," akasema, "mlikuwa mnamtafuta nini ndani?"

"Picha tu, mzee," nikajibu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndege akijenga karibu na mlango wa mtu, amemfanya jirani. Jirani hafunuliwi pazia." Hakuongeza neno. Alichukua fagio akaondoa zile sufi mchangani, nami nikaenda kazini.

Siku ile ile nilifungua tena kompyuta na kuitazama picha yangu kabla ya kukatwa. Nikazitazama na zile zilizotangulia na zilizofuata, ambazo nilikuwa nimezitupa kwa kuwa ndege hakuwamo au lenzi ilikuwa imeshika kitu cha nyuma. Katika mojawapo ya hizo, kwa bahati ya makosa, lenzi ilikuwa imeukamata ukuta badala ya kiota. Doa lile lilikuwa na shingo ya kijivu na mdomo mnene, na uso wake ulielekea kwenye mlimau. Kunguru alikuwa amekaa pale muda wote niliokuwa nikifurahi. Kamera ilimwona, ikanionyesha. Mimi ndiye niliyemkata.

Huenda msomaji akasema kwamba huu ni msiba mdogo, na kwamba makinda wengi huliwa kila msimu pasipo mtu kuwapiga picha. Ni kweli. Lakini sijamaliza. Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa iliyofuata, na picha yangu ilikuwa ukutani, kubwa, yenye fremu nyeusi. Watu walisimama mbele yake kuliko mbele ya nyingine. Nilipewa mkono na watu ambao siku nyingine hunipita koridoni. Mwanafunzi mmoja, kijana makini apendaye kuuliza, alinijia akasema, "Mwalimu, uliwezaje kumpata kwa uwazi namna hii?"

Nikajibu neno moja: "Subira."

Akaliandika katika daftari lake. Tangu siku hiyo neno lile limenikaa kooni. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kamba, nikamwambia subira. Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki kumpa mwanafunzi jibu fupi kuliko hilo wala lenye uongo kuliko hilo.

Baadaye nilisoma habari za watu waliotangulia katika kazi hii, kwa kutaka kujua kama wao nao walipita njia yangu. Katika Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walianza kupiga picha za viota mwaka 1892, na mwaka 1895 wakatoa kitabu juu ya viota vya ndege wa nchi yao chenye picha zilizopigwa mwituni. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito, na hazikuwa na lenzi za kuvuta mbali kama zetu. Ilimlazimu mtu awe karibu. Basi walitengeneza ng'ombe wa ngozi iliyojazwa, mwenye uwazi tumboni, na mpiga picha akaingia humo, akakaa amejikunja kwa saa nyingi malishoni. Cherry Kearton ndiye yule aliyekuja hata Afrika Mashariki, akachukua picha za sinema za safari ya Theodore Roosevelt mwaka 1909. Sisemi kwamba watu hao hawakupata kugusa jani. Ninasema kwamba walielewa ni nani apasaye kujificha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilitaka cha mvunguni, nikakiinua kitanda.

Nilisoma pia habari za Eric Hosking, Mwingereza mwingine. Mwaka 1937, alipokuwa akipiga picha za bundi penye kiota huko Wales, bundi alimrukia gizani akamtoboa jicho la kushoto, nalo likapotea. Hakuiacha kazi, aliendelea kupiga picha za ndege hadi uzeeni kwa jicho moja. Nilipomaliza kusoma habari hiyo nilifikiri kwamba bundi ana kucha, ndiyo maana alipofadhaishwa aliweza kumtoza mtu gharama. Chozi hana. Gharama ya picha yangu aliilipa yeye, na risiti yake sikuionyesha. Siku hizi katika nchi ya Uingereza sheria ya mwaka 1981 inamtaka mpiga picha awe na kibali kabla ya kumsumbua ndege aliye adimu penye kiota chake, na yako mashindano ya picha yasiyopokea kabisa picha za viota. Zamani nilidhani kwamba makatazo ya namna hiyo ni ukali uliozidi. Sasa nadhani yaliandikwa na watu waliopata kuona sufi mchangani.

Nimeyaleta mambo haya katika jarida la watu wa lugha kwa makusudi. Sisi tufanyao utafiti tuna kamba zetu. Nilipoandika tasnifu yangu nilikaa na wazee, nikarekodi masimulizi yao, kisha usiku nikachagua. Niliondoa kikohozi, nikaondoa mahali mzee aliponyamaza kwa muda mrefu, nikaondoa mahali aliposema, "Hayo tuyaache." Nilibakiza sentensi zilizonyooka, zenye mwanga wa ubavuni. Wasahihishaji walisifu mifano yangu kuwa ni safi. Sasa hujiuliza ni nini kilichokuwa katika pembe niliyoikata. Yule mzee aliyesema tuyaache alikuwa akiwaona kunguru gani juu ya ukuta wake, ambao mimi, kwa kufurahia sentensi, sikuwauliza. Sisemi kwamba tusichague. Hakuna kitabu wala picha isiyokatwa mahali, na mtu asiyeweza kuchagua hawezi kusema. Bali kila tukatapo, yatupasa kujiuliza kama tunaondoa kisichohusika, au tunaondoa shahidi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 2023, chozi alijenga tena, safari hii katika mkomamanga ulio upande wa pili wa nyumba. Kama ni yule yule, sina njia ya kuthibitisha. Binti yangu aliniletea habari kwa sauti ya chini, kisha akanitazama kwa namna ambayo mzazi hapendi kutazamwa na mtoto wake. Nilimwambia kwamba hatutakwenda uani upande ule. Niliweka kamera ndani ya chumba, nyuma ya pazia, mbali na dirisha, na nilipiga picha kwa nusu saa tu, siku moja, makinda walipokuwa wamekwisha kuota manyoya. Jike hakusita hata mara moja. Aliingia na kutoka kama mtu asiyejua kwamba ana mgeni.

Nilipata picha 41. Nusu yake ni majani. Katika ile niliyoichagua, jani moja limekatiza mbele ya kiota, na nyuma ya jani huonekana kichwa cha jike kikitoka, na kijifuko cheupe mdomoni. Jicho limo, ila halina nukta ya mwanga. Makinda hawaonekani kabisa. Siku chache baadaye kiota kilikuwa kimya, kizima, hakina mpasuko, na juu ya mkomamanga palikuwa na vindege viwili vyenye mikia mifupi vikilia njaa. Binti yangu alivihesabu mara tatu.

Yule mwanafunzi amekwisha kuhitimu. Nilimwandikia barua nikamweleza habari ya kamba, na kumwomba alifute lile neno daftarini mwake. Alinijibu kwa adabu kwamba hatalifuta, bali ataandika pembeni yake yale niliyomweleza. Naona amechagua vizuri kuliko mimi.

Ofisini kwangu sasa kuna picha mbili. Moja ni ya jani na kijifuko cheupe, ambayo wageni huipita. Ya pili ni ile iliyosifiwa, lakini nimeichapisha upya ikiwa nzima, pamoja na pembe yake ya juu. Wengi huisogelea, wakatazama midomo miwili ya manjano, wakatabasamu, kisha jicho lao likapanda juu, wakauliza lile doa jeusi ni nini. Nami huwaambia.